Maji ya bwawa yakipungua, usikimbilie chumvi

Bwawa langu la kuogelea hutumia chumvi, ambayo mashine huigeuza kuwa klorini ya kusafisha maji. Nilikuwa namwaga chumvi kila maji ya bwawa yaliposhuka. Kumbe nilikuwa naizidisha. Jua hukausha maji, chumvi hubaki. Kwa hiyo jazia kwanza maji matupu, acha pampu iyazungushe siku nzima, ndipo upime. Mashine nyingi za kutengeneza klorini hutaka gramu 3 hadi 4 kwa lita, ila kitabu cha mashine yako ndicho cha kufuata. Hesabu ni nyepesi: kilo 1 katika lita 1,000 hupandisha gramu 1 kwa lita. Bwawa la lita 40,000 likisoma 2.7 nawe unataka 3.2, ni kilo 20. Mimi humwaga robo tatu tu kwanza, maana chumvi ikizidi hakuna dawa ila kutoa maji na kujaza mapya.

Maji yakipotea kwa kuvuja, kufurika kwa mvua au kuosha chujio, chumvi imeondoka nayo. Hapo utaongeza tu. Na usiamini kipimo cha chumvi kwenye kioo cha mashine maji yakiwa baridi sana au mabamba yake ya kutengenezea klorini yakiwa na ukoko wa chokaa: husoma chini kuliko hali halisi. Tumia vipande vya kupimia chumvi.