Kuunga sensa ya oksijeni ya waidibendi kwenye kompyuta ya gari la zamani

Katika kazi hii waya unaoleta balaa ni mmoja: ule wa volti 0 hadi 5 unaotoka kwenye kontrola ya waidibendi, yaani kisanduku kinachoendesha sensa mpya inayopima uwiano wenyewe wa hewa kwa petroli. Ukiungwa mahali ilipokuwa sensa ya zamani, gari litawaka vizuri, likishapata moto litaanza kukohoa na kukosa nguvu, na mtu atahangaika na plagi na pampu ya mafuta bure.

Tazama volti zenyewe. Sensa ya zamani, yaani narobendi (inayoonyesha tu kama petroli imezidi au imepungua), hutoa karibu volti 0.8 hadi 0.9 mchanganyiko ukiwa mzito (petroli nyingi) na 0.1 hadi 0.2 ukiwa mwepesi. Kompyuta huamulia kwenye 0.45: juu yake inapunguza petroli, chini yake inaongeza. Waya wa volti 0 hadi 5 huenda kinyume, volti hupanda kadiri mchanganyiko unavyokuwa mwepesi. Tuchukue kipimo kinachotumika sana, volti 0 ikiwa uwiano wa hewa kwa petroli wa 7.35 na volti 5 ikiwa 22.39. Hapo kila volti moja ni uwiano wa 3 hivi, na 14.7, uwiano ambao petroli na hewa zinatoshana, inasomeka kama volti 2.44. Kompyuta inaona 2.44, inadhani petroli imezidi, inapunguza. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, volti zinapanda hadi 2.8, inapunguza tena. Inaendelea hivyo mpaka ifike ukomo wa marekebisho yake.

Sensa yenyewe pia haiungwi kwenye kompyuta bila kontrola. Bosch LSU 4.9, ambayo ndiyo inayopatikana kwenye seti nyingi, inataka hita ishikiliwe kwenye nyuzi 780 za Selsiasi hivi, na kipimo chake ni mkondo mdogo wa miliampea ambao kompyuta ya zamani haijui kuusoma. LSU 4.2 inafanana nayo kwa umbo lakini haibadilishani nayo. Nunua ile iliyotajwa kwenye kontrola yako. Usikate soketi ya sensa ili kurefusha waya: ndani ya soketi hiyo kuna rezista ya kiwandani inayoisahihisha sensa hiyohiyo. Waya wa kurefusha uwe upande wa kontrola.

Njia nzuri kuliko zote ni kuiacha narobendi mahali pake ifanye kazi yake, kisha kuchomelea nati ya pili ya M18 x 1.5 kwenye bomba la ekzosi kwa ajili ya waidibendi. Waya wa 0 hadi 5 uende kwenye geji, kifaa cha kurekodi, au ingizo la ziada la kompyuta inayoweza kutyuniwa. Nati iwe baada ya turbo kama ipo, kabla ya katalisti (kisafisha moshi), sentimita 60 hadi 90 kutoka kwenye injini. Sensa iinuliwe angalau digrii 10 juu ya mlalo, upande wa juu wa bomba, kati ya namba 10 na namba 2 za uso wa saa. Ikielekea chini, maji ya mvuke uliopoa yatakusanyika kwenye ncha na kupasua kauri. Kaza kwa Nm 40 hadi 60, na grisi ya kuzuia kutu iguse nyuzi za nati tu.

Tundu likiwa moja tu, toa narobendi na utumie waya wa pili wa kontrola, ule unaoiga narobendi. Uhakikishe kwanza kwa maltimita: ukiwasha swichi, sensa ikiwa imeshikwa nje kwenye hewa safi na imeshapata moto, waya wa kuiga usome karibu 0.1 na ule mwingine karibu 5. Ukipata 5 kwenye waya unaotaka kuupeleka kwenye kompyuta, umeshika waya siyo.

Kwenye soketi ya zamani, tafuta waya wa ishara. Sensa nyingi za Bosch zina mweusi wa ishara, kijivu wa athi (hasi) ya ishara, na nyeupe mbili za hita. Za Denso mara nyingi ni bluu wa ishara, mweupe wa athi, nyeusi mbili za hita. Usiamini rangi za upande wa gari. Fuata mchoro wa gari lako. Sensa ya waya mmoja hupata athi kupitia bomba lenyewe. Kompyuta inayochunguza hita itawasha taa ya injini ikikosa hita ya zamani: kodi ya hitilafu P0135 kwenye magari ya OBD-II (mfumo wa kompyuta wa kujichunguza), namba 41 kwenye Honda za kabla yake. Baadhi ya Nissan na Jeep za zamani zilitumia sensa ya titania, inayobadilisha ukinzani badala ya kutoa volti. Hizo hazidanganywi na waya wa kuiga, ziachie sensa yao.

Umeme wa kontrola uchukuliwe kwenye rilei inayowaka na swichi, fyuzi ya ampea 5. Bora zaidi ni laini ya pampu ya mafuta, maana inakufa injini ikizima. Sensa isikae kwenye ekzosi inayofanya kazi bila umeme: masizi huiua haraka.

Athi ndiyo inayotesa watu. Hita inavuta zaidi ya ampea moja kwa kuwashwa na kuzimwa haraka, kwa hiyo athi mbovu huinua volti za kontrola na kuzitikisa. Tofauti ya volti 0.1 kati ya athi ya kontrola na ya kompyuta ni kosa la 0.3 kwenye uwiano. Athi ya kontrola ikiwa juu, kompyuta inasoma mwepesi kuliko ulivyo, nawe unaongeza petroli isiyohitajika. Peleka athi ya kontrola kwenye bolti ileile ya injini inayoshika athi ya kompyuta. Kama kontrola ina athi mbili, ile ya ishara iende kwenye athi ya sensa ya kompyuta, ya hita iende kwenye bolti. Kamwe usiipeleke kwenye bati la dashibodi. Kisha washa injini, taa kubwa na feni, weka maltimita kwenye milivolti kati ya athi hizo mbili. Zaidi ya 20, safisha kutu na rangi, ubane upya.

Injini ikipata moto, ishike kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika na upime waya wa ishara. Inatakiwa ipande na kushuka ikivuka 0.45 tena na tena. Ikiganda, rudia polariti na athi. Ikionyesha mwepesi kwenye sailensi tu (injini ikizunguka bila kukanyagwa) na kurudi sawa ukikanyaga mafuta, tafuta gasketi ya ekzosi inayovuja kabla ya sensa. Silinda isiyochoma nayo husomeka mwepesi, kwa sababu oksijeni yake hupita bila kutumika. Usiifidie kwa petroli.