Somo: Kuvuka Ziwa Kivu na mtoto mwenye mzio wa karanga, samaki, mayai au maziwa

Somo hili ni la mzazi anayetoka Goma kwenda Bukavu, au anayerudi, akiwa na mtoto ambaye kijiko kimoja cha sombe (majani ya muhogo) yenye karanga kinaweza kumfunga pumzi. Mtu mzima mwenye mzio naye atajisomea humu humu. Mimi ni muuguzi wa watoto hapa Bukavu, na maswali ya safari ya ziwani yananijia mara nyingi kuliko ya nyumbani. Nyumbani mama anajua sufuria yake. Botini hajui ya mtu.

Shikeni jambo moja: katikati ya ziwa hakuna hospitali. Chakula kinapomdhuru mtu vibaya, mwili wake unaweza kuzidiwa ndani ya nusu saa hivi, na hata kano rapidi, boti ya kasi, inachukua karibu saa tatu mpaka ng'ambo. Kwa hiyo kila uamuzi wa maana unafanyika ungali nchi kavu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mzio

Mtoto anayeharisha na kujaa gesi kila akinywa maziwa, bila vipele wala kuvimba, huenda tumbo lake halimudu sukari ya maziwa tu. Hiyo inasumbua, lakini haiui. Mzio ni kinga ya mwili kukosea na kushambulia chakula: vipele vinavyowasha, midomo na macho kuvimba, kukohoa, kupiga miluzi kifuani, kutapika, kulegea. Kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache mpaka saa mbili baada ya kula. Mwone daktari, akuandikie karatasi yenye jina la mtoto, uzito wake, chakula kinachomdhuru na dawa anayotakiwa kupewa. Iandikwe kwa Kifaransa, maana muuguzi wa ng'ambo ataisoma haraka zaidi.

Hatua ya 2: Dawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wazazi wengi wanapanda boti na chupa ya sirapu ya mzio wakiamini wamejikinga. Sirapu na vidonge vya aina ya cetirizine vinapunguza muwasho na vipele. Havifungui koo lililovimba wala havipandishi presha iliyoanguka. Dawa ya kazi hiyo ni adrenalini, ichomwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati kati ya nyonga na goti.

Kalamu za adrenalini zinazojichoma zenyewe ni ghali, na kwetu kuzipata ni kazi. Kama una ndugu Ulaya au Nairobi anayeweza kukuletea kwa karatasi ya daktari, mwombe. Kama huna, adrenalini ya vichupa vya kioo, miligramu 1 kwa mililita 1, ni dawa ya kawaida ya hospitali. Zungumza na daktari wako kama anaweza kukuandikia vichupa viwili na sindano ndogo za mililita 1, akufundishe kwa mikono yako mwenyewe. Kipimo ni miligramu 0,01 kwa kila kilo ya uzito, kisizidi 0,3 kwa mtoto na 0,5 kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 15 basi anahitaji miligramu 0,15, yaani mililita 0,15 ya kichupa hicho. Ni tone dogo sana, na kosa la nukta moja ni kosa la mara kumi. Ndiyo maana nasisitiza daktari aandike mililita kwenye karatasi, na atie alama kwenye sindano kwa kalamu ya wino. Fanya mazoezi ya kuvunja kichupa na kuvuta maji kwa sindano tofauti, mbele yake, mpaka mikono isitetemeke.

Dawa ikae kwenye boksi lake, mbali na jua, na mbali na injini. Usiiweke kwenye barafu pamoja na soda. Ikigeuka rangi ya waridi au kahawia, imeharibika.

Na inakaa wapi? Mwilini mwako. Mizigo hupangwa juu ya paa au chini kabisa, ikafunikwa turubai, na hakuna atakayeifungua katikati ya ziwa. Weka kipochi kiunoni au shingoni, kisha vaa jile ya kuokolea (jaketi la kuelea) na ujaribu kukifikia ukiwa umeifunga. Watu wanasahau jile. Kipochi kinabanwa chini yake na kamba zimekazwa.

Hatua ya 3: Chagua boti

Kama hali ya mtoto ni kali, panda kano rapidi ya asubuhi. Boti ya usiku ni rahisi kwa bei na unalala njiani, lakini huko watu wanakula kwa saa nyingi, taa ni hafifu, mtoto analala karibu na mtoto wa mwingine mwenye mandazi mkononi, na wewe mwenyewe utasinzia. Mwenye mzio mwepesi, wa vipele tu, anaweza kuipanda. Lakini kumbuka kwamba mzio uliokuwa mwepesi jana hautoi ahadi ya kesho.

Ulizia kama boti itasimama Idjwi. Kusini mwa kisiwa kuna hospitali ya Monvu, na kujua hilo mapema kunaweza kubadili unachomwomba nahodha.

Hatua ya 4: Chakula ni cha kubeba

Msimamo wangu ni mkali: mtoto mwenye mzio mkali asile kitu chochote cha bandarini wala cha botini. Si kwa sababu mama wauzaji ni wachafu. Sababu ni mafuta. Karai moja linakaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, halafu viazi, halafu mandazi, na mafuta ni yale yale tangu alfajiri. Protini ya samaki haiharibiwi na moto wa karai, na ya karanga ni hivyo hivyo. Kuikaanga karanga kavu, bila mafuta, hata kunaweza kuifanya iwe kali zaidi. Kwa hiyo ukiuliza "Hivi viazi vina samaki?" utajibiwa "Hapana mama," na aliyekujibu hajakudanganya.

Sombe na lenga-lenga (mchicha) ziogopeni zaidi. Karanga ya kusaga ikishaiva ndani ya sombe na mawese, jicho haliioni na ulimi wa mtoto haujui kuitaja. Uji nao: unga wa masosoma ni mahindi, soya na mtama, na wako wanaoongeza karanga ili mtoto anenepe.

Pika nyumbani. Bugali haifai safari, inakuwa jiwe. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi za kuchoma, wali mkavu, maharagi yasiyo na mchuzi mwingi, parachichi, ndizi mbivu: hivyo vinavumilia. Beba vya mara mbili ya safari, kwa maana boti huchelewa. Kijiko na kikombe viwe vya mtoto peke yake.

Biskuti za pakiti soma nyuma kila mara, hata zile unazozijua, kwa sababu kiwanda hubadili viungo bila kukuaga. Kwa Kifaransa tafuta arachide na cacahuète (karanga), lait na lactosérum (maziwa na maji yake), œuf (yai), soja (soya), sésame (ufuta). Maneno "peut contenir des traces", yaani huenda zimo chembe, yachukueni kama "imo".

Hatua ya 5: Mkishakaa

Pangusa kiti na meza kwa kitambaa chenye sabuni. Dawa ya mikono ya kileo inaua vijidudu, lakini haiondoi protini ya karanga. Maji na sabuni ndiyo yanayoiondoa, kwa hiyo beba kijidumu cha maji na kipande cha sabuni.

Halafu kuna wema wa watu. Kwetu mtoto wa jirani hakosi kupewa kitu, na kukataa ni kama kumtukana mtoaji. Ukisema "hali karanga", mama wa pembeni atacheka, "Kidogo tu haimfanyi kitu." Nimeona jibu linalofanya kazi: "Aksanti mama, yuko kwenye dawa, dokta alikataza." Si uongo, na dawa huheshimiwa. Ongea na majirani wa viti mapema, kabla vifuko havijafunguliwa, na mwonyeshe mmoja wao kipochi kilipo, endapo wewe ndiye utakayeishiwa nguvu.

Hatua ya 6: Ikitokea

Vipele vichache peke yake: mpe kidonge au sirapu, mwangalie bila kugeuza macho. Akianza kukohoa, sauti kukwaruza, kupumua kwa shida, kutapika tena na tena pamoja na vipele, au kulegea: choma adrenalini mara moja. Usingoje uhakika. Mlaze chali, miguu juu ya begi. Kama anahangaika kupumua, mwache akae. Asisimame wala asitembezwe, hata kwenda chooni. Ukiona hajapata nafuu baada ya dakika 5 hadi 15, choma ya pili. Mtu mwingine amwambie nahodha, aombe gari lingoje bandarini.

Akipona kabisa kabla ya kufika, bado mpeleke hospitali akalale chini ya uangalizi. Mzio unaweza kurudi saa kadhaa baadaye bila kula tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Neema, Goma: Aksanti kwa somo. Mtoto wangu hutapika kila tukivuka, mawimbi yakianza. Nitajuaje kama ni ziwa au ni chakula?

Jibu: Swali zuri sana, Mama Neema. Kichefuchefu cha mawimbi huanza na kupauka, jasho baridi, miayo, na kinapungua maji yakitulia. Hakileti vipele, uvimbe wa midomo wala kikohozi. Angalia ngozi: fungua shati, tazama tumbo na mgongo. Angalia saa pia, alikula lini. Kama ametapika na ana vipele, au ametapika na unajua amegusa chakula chake kibaya, mtendee kama mzio. Dozi sahihi ya adrenalini kwa mtoto ambaye hakuihitaji itamfanya moyo upige mbio na atetemeke kwa muda. Kuikosa wakati anaihitaji ni hatari kubwa zaidi. Dawa za kuzuia kutapika zinazosinziza, mpe tu kama daktari amekubali, maana mtoto aliyelala hawezi kukuambia koo linawasha.

Papa Bahati, Bukavu: Wangu ni maziwa ya ng'ombe. Shangazi yake anasema tumpe ya mbuzi. Na fromaji (jibini) ya Masisi je, si imeshaiva?

Jibu: Hapana kwa vyote viwili, Papa Bahati. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na wengi wenye mzio wa moja wanadhurika na nyingine. Fromaji ni maziwa yaliyokolezwa, na kuwekwa muda mrefu hakuondoi protini. Chunga pia mikate ya maziwa ya bandarini.

Furaha, Goma: Mimi ni samaki, na mimi ni mtu mzima. Harufu tu ya sambaza inanitia hofu. Inaweza kunidhuru?

Jibu: Dada Furaha, harufu peke yake kwa kawaida haileti shambulio kali. Mvuke wa samaki wanaokaangwa ni jambo lingine: unabeba chembe za protini, na kwa wachache huleta mafua, kikohozi, hata pumu. Kaa mbele, penye upepo, mbali na jiko na mbali na ndoo za wauza samaki. Kama una pumu, hakikisha imetulia kabla ya safari na pampu iko kwenye kipochi pamoja na adrenalini. Pumu iliyoachwa bila dawa mara nyingi ndiyo inayofanya mzio uue. Na usishangae kuona sambaza kila mahali. Samaki hao waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ziwa zima linakula kwao.

Mama Chance, Bukavu: Bibi yake anasema tumzoeshe karanga kidogo kidogo mpaka mwili uzoee. Nimesikia hata wazungu wanafanya.

Jibu: Bibi hajatunga, lakini ni mambo mawili yaliyochanganywa. Utafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba watoto wachanga walio hatarini, wakianza kula karanga laini kati ya miezi 4 na 11, wengi sana wanaepuka mzio huo. Hiyo ni kinga, kabla mzio haujaja. Kwa mtoto ambaye tayari anao, kumzoesha kunafanyika kliniki, kwa vipimo vya miligramu, daktari akiwa pembeni. Jikoni kwa bibi, hapana. Ziwani, hapana kabisa.

Kaka Héritier, Lubumbashi: Sisi huku hatuna Kivu, lakini nimealikwa na ndugu kupanda meli kubwa ya utalii Ulaya, wiki nzima. Mzio wangu ni ufuta na karanga. Hatua ni hizo hizo?

Jibu: Nyingi, ndiyo, ila huko una msaada zaidi, utumie. Waandikie kampuni wakati wa kukata tiketi, si siku ya kupanda. Ukifika, omba kuonana na mkuu wa wahudumu wa chumba cha kulia. Meli nyingi zitakuletea orodha ya chakula cha kesho usiku wa leo, uchague, wakupikie peke yako. Kwenye nchi za Umoja wa Ulaya sheria inataka vyakula 14 vyenye mzio vitajwe, ufuta na karanga vikiwemo, hivyo mkishuka bandarini mna haki ya kuuliza mgahawani. Meza ya kujipakulia iache: kijiko cha saladi ya ufuta kitakuwa kwenye wali wako kabla hujageuka. Meli hizo huwa na daktari, lakini kalamu zako mbili zikae mfukoni hata hivyo, pamoja na karatasi ya daktari kwa ajili ya uwanja wa ndege.

Mama Neema, Goma: Nirudie kidogo. Nikiwa nimechoma, na boti bado saa moja kufika, na dawa ya pili imekwisha?

Jibu: Muulize nahodha kama kuna muuguzi au daktari kati ya abiria, na atangaze kwa sauti. Mara nyingi yuko. Mtoto abaki amelala, miguu juu, umfunike, usimpe chakula wala kinywaji. Kama ana pumu, mpulizie pampu. Akiacha kupumua, aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza aanze kumkandamiza kifua na kumpulizia. Na kama Idjwi iko karibu kuliko Bukavu, mwambieni nahodha ageuze.