Kupata spea za deki ya video isiyotengenezwa tena: hatua ninazofuata

Watu wanaoniletea deki za VHS siku hizi hawatafuti filamu. Wana kanda ya harusi ya wazazi, au kanda ambayo marehemu babu anaongea, na wanataka ihamie kwenye flashi kabla utepe haujaharibika. Deki ikigoma, kanda nayo inabaki bubu.

Spea mpya za kiwandani zimekauka. Funai Electric ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki hizi, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na moja ya sababu ilizotaja ni kwamba yenyewe ilikuwa haipati vipuri. Hata hivyo deki nyingi zinafufuka, mradi ujue unatafuta nini.

Hatua ya 1: Jua kilichokufa

Chomoa waya wa umeme, fungua kifuniko. Usiguse pawasaplai bado. Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita kubwa ya kuingilia (kipuri kinachohifadhi chaji) hubeba takriban volti 325, na zinaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa. Pima kwa mita. Ukikuta chaji, imalize kupitia balbu ya zamani ya waya. Usigusanishe miguu kwa bisibisi.

Kisha sikiliza dalili. Deki haiwaki, au saa ya mbele imefifia: anza na kapasita za pawasaplai. Inatafuna utepe: kikombe cha kukunjia hakizunguki, na mara nyingi ni raba ya idla (gurudumu dogo linalozungusha kikombe hicho) iliyokauka. Inameza kanda halafu inaitema: belti ya kupakia imelegea, au swichi ya modi (inayoiambia deki mtambo uko hatua gani) imechafuka. Picha ni chenga tupu lakini sauti ni safi: vichwa, yaani ncha za kwenye silinda inayozunguka zinazosoma picha kwenye utepe.

Vichwa visafishwe kwanza, spea baadaye. Lowesha kipande cha karatasi nyeupe isiyo na nyuzi kwa spiriti ya isopropili, kishikilie kwenye silinda bila kukisogeza, kisha zungusha silinda taratibu kwa mkono. Usisugue juu na chini. Pamba za masikioni zikae mbali kabisa, kwa sababu nyuzi zake hunasa kwenye ncha ya kichwa na kuivunja. Kichwa kikivunjika umejitafutia spea ngumu kuliko zote.

Hatua ya 2: Fuata namba, siyo jina la mbele

Hapa ndipo wengi wanapopoteza miezi. Wanazunguka madukani wakitaja chapa tu, wanaambiwa haipo, wanakata tamaa. Chapa iliyoandikwa usoni inaweza kuwa ya kampuni moja na mtambo wa ndani ukawa wa nyingine. Funai iliuza deki zake kwa majina kama Sanyo, Emerson na Magnavox. Baadhi ya deki za Ferguson za Uingereza, kwa ndani, ni za JVC.

Soma modeli kwenye kibandiko cha nyuma, kisha tafuta mwongozo wa mafundi wa modeli hiyo. Mingi imehifadhiwa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na huhitaji kulipa. Kurasa za mwisho zina mchoro wa mtambo uliotawanywa na namba ya kila kipuri. Itafute hiyo namba peke yake, bila jina la chapa. Utashangaa kuona roli moja ya raba ilitumika kwenye modeli nyingi sana.

Hatua ya 3: Belti na raba, pima mwenyewe

Belti ya zamani imeshavutika, kwa hiyo ukinunua ya urefu uleule utapata iliyolegea. Ibane iwe mistari miwili iliyonyooka, pima urefu, zidisha kwa 2. Ukipata milimita 110, mzunguko ni 220. Gawa kwa 3.14: kipenyo ni takriban milimita 70. Punguza kama asilimia 5, yaani tafuta ya 66 au 67. Angalia pia kama ni bapa au ya mraba, na unene wake. Kama imeyeyuka ikawa lami, zungusha uzi kwenye puli zake na upime uzi huo.

Raba ya idla haikulazimu kuagiza ng'ambo. Nenda na ile ya zamani kwa wauza sili na oringi za magari na pampu, ulinganishe palepale. Roli inayobana utepe ni jambo lingine: hiyo nunua halisi, kwani ikipinda kidogo tu utepe unapanda na kukunjika.

Hatua ya 4: Kapasita

Hizi zipo Kariakoo, zipo Luthuli Avenue Nairobi. Maikrofaradi zilingane na za awali, volti ziwe sawa au zaidi, joto liwe nyuzi 105, na uombe zile za pawasaplai zenye ukinzani mdogo wa ndani. Angalia upande wa hasi kabla ya kulehemu.

Hatua ya 5: Deki ya kunyofoa

Gia, swichi ya modi, mota na vichwa utavipata kwenye deki nyingine iliyokufa. Waambie wanunuzi wa vyuma chakavu na mafundi wa zamani wa TV unachotafuta, ukiwaachia picha na modeli. Kabla ya kung'oa gia yoyote, piga picha ya matundu ya alama yanavyoelekeana. Zikipishana jino moja, mtambo hautapakia.

Jihadhari na deki kutoka kwa ndugu walioko Marekani. Niliwahi kupokea moja nzuri mno, ikanipa huzuni: ilikuwa ya NTSC, mfumo wa picha wa TV za Marekani, na ya volti 120, na kanda zetu ni za mfumo mwingine, PAL. Silinda ya NTSC huzunguka mara 1800 kwa dakika, ya PAL 1500. Nilitumia belti na roli zake, basi. Deki za mtumba kutoka Uingereza, au za Oman na Ghuba, zinafaa zaidi.

Ukihamisha silinda, idadi ya vichwa na namba ya kipuri zilingane na zako. Usiweke ya vichwa vinne mahali pa viwili.

Hatua ya 6: Jaribio

Usianze na kanda ya mteja. Cheza kanda isiyo na thamani kuanzia mwanzo hadi mwisho, irudishe nyuma, ipeleke mbele, itoe mara kumi. Utepe ukitoka bila mikunjo kwenye kingo, unganisha kifaa cha kurekodia kwenye kompyuta kwanza, ndipo uingize kanda ya harusi. Anza kurekodi tangu mara hiyo ya kwanza, maana utepe mkongwe unaweza usikupe ya pili.