Jinsi ya kujua mapema kwamba mlinganyo wa kipeo cha pili hauna jawabu halisi

Tuseme mkulima wa Newala ana mita 100 za seng'enge, naye anataka kuzungushia kitalu cha miche ya mikorosho chenye umbo la mstatili na eneo la mita za mraba 700. Kabla hajachimba shimo la nguzo ya kwanza, hesabu fupi inatosha kumwonyesha kwamba kitalu hicho hakiwezekani.

Upande mmoja ukiwa x, wa pili utakuwa 50 − x, kwa kuwa nusu ya mzingo ni mita 50; hivyo x(50 − x) = 700. Fungua mabano, kisha hamishia kila kitu upande mmoja, upate x² − 50x + 700 = 0. Hatua hii isirukwe, maana a, b na c za umbo ax² + bx + c = 0 husomwa pale tu upande wa pili unapokuwa sifuri: hapa a = 1, b = −50 na c = 700. Kibainishi, yaani b² − 4ac, ni 2500 − 2800 = −300. Kikiwa hasi kama hapa, hakuna namba halisi inayotosheleza mlinganyo. Kikiwa sifuri, liko jawabu moja. Kikiwa chanya, yako mawili. Anayetumia kikokotoo aiweke −50 ndani ya mabano kabla ya kuipandisha, la sivyo vikokotoo vingi vitampa −2500.

Sababu yake ni nyepesi, na anayeielewa hana haja ya kukariri. Zidisha ax² + bx + c = 0 kwa 4a, ongeza b² pande zote, kisha hamisha 4ac: utapata (2ax + b)² = b² − 4ac. Kipeo cha pili cha namba halisi hakiwi hasi kamwe, kwa hiyo upande wa kulia ukiwa hasi, hakuna x ya kuusawazisha.

Manufaa makubwa huonekana pale namba moja inapoachwa wazi. Badala ya 700 weka E: 2500 − 4E < 0 humaanisha E > 625, na huo ndio mpaka wa seng'enge ile. Hata hivyo, ukuta uliopo ukitumika kama upande mmoja, seng'enge huzunguka pande tatu tu, mbili za x na moja ya 100 − 2x, na mlinganyo x(100 − 2x) = 700 hugeuka kuwa 2x² − 100x + 700 = 0, kibainishi chake ni 4400, na kitalu cha takribani mita 41.6 kwa 16.8 kinapatikana, mradi ukuta wenyewe ufikie urefu huo wa pili.

Kipengele kisichojulikana kikiwa katika b, tahadhari iongezeke. Mlinganyo x² + kx + 9 = 0 hauna jawabu halisi pale k² < 36, yaani k ikiwa kati ya −6 na 6. Wengi huandika k < 6 wakaishia hapo, ilhali −10 nayo ni ndogo kuliko 6, na x² − 10x + 9 = 0 ina majawabu mawili, 1 na 9.