Mwezi wa kwanza ni Machi: namna ya kufuatilia ukoo wa Wakweka wa mwanzo Marekani

Mama mmoja mzee ninayemhudumia nyumbani kwake hapa Pennsylvania alinitolea bahasha mwaka jana, ndani kuna karatasi moja ya babake, majina manne na neno Gwynedd. Akaniambia watu wake wa zamani walikuwa Marafiki, yaani Wakweka, dhehebu la Kikristo, na hapo nikakaa chini kabisa maana mimi nimelelewa kwa Marafiki kule Vihiga, si mbali na Kaimosi walikofika wale wamisheni watatu wa Kimarekani mwaka 1902. Tumefanya hii kazi jioni hadi jioni, tumefika kwa mtu aliyezaliwa Wales, na naandika hapa njia tuliyopita kwa sababu wapo Waswahili wengi huku wanaohudumia wazee wenye karatasi kama hiyo, na wengine wameoa au kuolewa kwenye hizi familia na watoto wanauliza.

Hatua ya 1: rudi nyuma hadi 1850

Anza na walio hai, chukua vyeti vya vifo na vizazi, alafu sensa. Sensa ya 1850 ndo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru ndani ya nyumba, zilizotangulia zinataja mwenye nyumba tu. Hii unaijua, twende.

Hatua ya 2: tafuta mkutano, usitafute mji

Wakweka hawakubatiza, kwa hiyo daftari la ubatizo halipo. Makaburi pia usihangaike nayo, wale wa mwanzo waliona jiwe la kaburi ni majivuno, wengi wamelala bila alama yoyote. Kila kitu kiko kwenye mkutano wa mwezi, yaani jumuiya ya Marafiki wa eneo moja iliyokaa kikao kila mwezi. Kama umekulia Marafiki nyumbani mpangilio ni ule ule: mkutano wa mwezi, wa robo mwaka, wa mwaka. Ule wa mwezi ndo ulioandika vizazi, vifo, ndoa, waliohamia, waliohama na waliotengwa. Jua familia ilikuwa chini ya mkutano gani wa mwezi na nusu ya kazi imeisha.

Shida ni kwamba mikutano ilizaa mikutano. Familia inaweza kukaa shamba lile lile miaka 40 na kumbukumbu zake zikawa kwenye madaftari mawili au matatu, kwa mfano walioishi upande wa Oley, hapa Pennsylvania, walikuwa chini ya mkutano wa Gwynedd hadi 1737, baada ya hapo wana mkutano wao uliokuja kuitwa Exeter. Ukiona familia imepotea ghafla usiseme wamehama, uliza kwanza ni mkutano gani ulizaliwa mwaka huo. Na kuanzia 1827 Marafiki wa Philadelphia waligawanyika makundi mawili, kila kundi likaandika lake, hapo angalia kote kote.

Hatua ya 3: Hinshaw kwanza, alafu daftari lenyewe

Kuna kazi kubwa ya William Wade Hinshaw, mkusanyo wa vitabu, ilianza kutoka 1936, imepanga familia kwa mikutano: North Carolina, New Jersey na Pennsylvania, New York, Ohio, Virginia. Amefupisha maneno, usiogope. *rocf* ni amepokelewa kwa cheti kutoka mkutano fulani, *gct* amepewa cheti cha kwenda mkutano fulani, *mou* ameoa nje ya Marafiki, *mcd* ameoa kinyume cha taratibu, *dis* ametengwa, *rst* amerudishwa, *rmt* imeripotiwa kwamba amemwoa fulani. Hiyo ya mwisho ishike vizuri, tarehe iliyo mbele yake ni siku mkutano uliposikia ripoti, ndoa yenyewe ilishafungwa siku au wiki kadhaa kabla.

Lakini Hinshaw ni ramani tu. Daftari lenyewe utalipata limeskaniwa, tovuti ya ukoo ya kulipia ya Ancestry wana mkusanyiko mkubwa wa Wakweka na maktaba nyingi za umma unaingia bure ukiwa pale pale, FamilySearch ni bure hata nyumbani. Mimi siamini kisanduku cha kutafuta jina. Nachagua jimbo, kaunti, mkutano, alafu nafungua ukurasa mmoja mmoja kama mtu anayesoma kitabu. Inachosha macho ila ndo unaona kitu ambacho indeksi haina. Nyaraka za asili nyingi za huku ziko vyuo vya Swarthmore na Haverford, za North Carolina ziko chuo cha Guilford.

Soma pia miniti, yaani kumbukumbu za vikao, za akina mama. Wanawake walikaa mkutano wao na kuandika daftari lao, na la wanaume likiwa limechanika au limelowa, la akina mama mara nyingine liko safi.

Hatua ya 4: tarehe

Hapa ndo nilipoteza wiki tatu kwa hiyo vumilia.

Wakweka hawakutaka kutaja majina ya miungu ya kipagani kwenye siku na miezi, wakahesabu kwa namba. Jumapili ni siku ya kwanza, Jumatatu ya pili, miezi nayo ni wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sisi Waswahili tunaona hii ni rahisi kabisa maana ndivyo tunavyosema kila siku, mwezi wa pili, mwezi wa tisa, na hapo hapo ndo mtego unapotunasa kuliko mtu mwingine. Hadi 1751 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza ni Machi. Wa pili ni Aprili, wa nane ni Oktoba, wa kumi Desemba, wa kumi na moja ni Januari na wa kumi na mbili ni Februari. Ni kama saa yetu, mtu anakuambia saa moja asubuhi na saa ya ukutani inaonyesha saba, nyote mko sawa ila mmeanzia kuhesabu mahali tofauti. Cha kukusaidia kukumbuka: majina Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba kwa Kilatini ni saba, nane, tisa na kumi.

Mfano unaojulikana ni Daniel Boone, yule mwindaji maarufu wa Marekani, kwao walikuwa Marafiki. Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa nane 1734, na hiyo ni Oktoba, si Agosti. Kwa kalenda ya sasa inakuwa 2 Novemba maana kuna siku 11 za tofauti.

Sasa mwaka. Januari, Februari na karibu Machi yote zilikuwa mwisho wa mwaka, si mwanzo. Kwa yule mama tuliona wazazi wamefunga ndoa tarehe 9 mwezi wa pili 1722, mtoto wa kwanza amezaliwa tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1722. Vizuri. Ila kwenye miti ya ukoo iliyotapakaa mtandaoni mtoto ameandikwa 20 Februari 1722, na ndoa Aprili 1722, mtoto katangulia ndoa! Watu wakatatua kwa kumtungia baba mke wa kwanza aliyefariki, wakampa na jina, na mimi nikamtafuta huyo mama kwenye madaftari matatu ya vifo, usiku baada ya usiku, nikiamini karani alimsahau. Hakuwahi kuwepo. Mtu alibadilisha mwezi akasahau kubadilisha mwaka. Ile Februari ni ya mwaka ambao sisi leo tungeuita 1723, miezi kumi baada ya harusi, mtoto halali wa mama yule yule. Nilipomwonyesha mzee wangu ukurasa aliweka kidole kwenye jina na kunyamaza kwa muda.

Mambo ya kuangalia hapo:

Ukikuta mwaka umeandikwa 1722/23 shukuru Mungu, karani amekufanyia kazi.

Tarehe 1 hadi 24 za mwezi wa kwanza ndo mbaya zaidi. Karani mmoja alianza mwaka mpya mara mwezi wa kwanza ulipoingia, mwingine alisubiri tarehe 25. Angalia miniti zinavyofuatana kwenye daftari, kama ukurasa wa nyuma yake ni mwezi wa kumi na mbili na mwaka umebadilika, basi umemjua karani wako.

Mwaka 1751 ulikuwa mfupi, ulianza 25 Machi ukaisha 31 Desemba. Kwa hiyo mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili wa 1751 haupo. Kuanzia 1752 mwezi wa kwanza ni Januari, na Septemba ya mwaka huo walilala tarehe 2 wakaamka tarehe 14.

Indeksi za kompyuta nyingi zinabadilisha mwezi wa kwanza kuwa Januari bila kuuliza. Fungua picha kila mara.

Na hili nalisisitiza, andika tarehe kama ilivyo kwenye daftari, neno kwa neno, kwenye safu ya kwanza, alafu tafsiri yako kwenye safu ya pili. Usifute ya kwanza kamwe. Mimi natumia daftari la mistari na penseli kwa sababu programu za miti ya ukoo zinakulazimisha ujaze tarehe kwa mtindo wao na ile ya asili inapotea.

Hatua ya 5: fuata vyeti vya kuhama

Rafiki akihama alipewa cheti na mkutano wake kwamba ni mtu mwenye mwenendo mzuri na hana ahadi ya ndoa na mtu mwingine, akakiwasilisha anakokwenda. Kwa hiyo una ncha mbili za kamba. George Boone, babu yake Daniel, alitoka Devon 1717 na cheti chake kikapokelewa Gwynedd. Watoto wake wakubwa walitangulia, kwa hiyo usitegemee familia yote kwenye cheti kimoja. Kutoka Pennsylvania wengi walishuka Virginia hadi mkutano wa Hopewell, alafu North Carolina, mikutano ya Cane Creek na New Garden, alafu baada ya 1800 wakapanda Ohio na Indiana wakikimbia nchi ya utumwa.

Mtu akikuambia babu yake alikuja na William Penn, mwanzilishi wa Pennsylvania, kwenye meli ya Welcome 1682, muombe cheti. Orodha ya asili ya abiria haikubaki, zilizopo zimeundwa baadaye.

Hatua ya 6: cheti cha ndoa, soma majina yote

Wawili walisimama mbele ya mkutano mara mbili, mwezi huu na mwezi unaofuata, kutangaza nia, watu wakatumwa kuchunguza kama wako huru. Siku ya ndoa hakuna mchungaji, wanaahidiana wenyewe na waliohudhuria wote wanaweka saini. Usiishie kwa bibi na bwana harusi. Mara nyingi safu iliyo chini ya majina yao, upande wa kulia, ni ndugu wa karibu, na humo ndo tuliwapata mashangazi wawili waliokuwa wameolewa tayari, kwa majina ya waume zao. Bibi harusi mwenyewe anasaini kwa jina jipya.

Kwa Wawelsh ni muhimu zaidi kwa sababu vizazi vya kwanza walitumia jina la baba, *ap* yao ni *bin* yetu. Evan mwana wa John, na mtoto wake ni mwana wa Evan. Ndugu wawili wanaweza kuishia na majina ya ukoo tofauti.

Hatua ya 7: ukiona ametengwa usifunge daftari

Alioa nje, alishika bunduki, alikula kiapo, alikataa kuachia watumwa baada ya mkutano wa mwaka wa Philadelphia kupiga marufuku 1776. Soma miniti za miezi iliyotangulia, kesi inaelezwa, na wengi waliandika barua ya kukiri wakarudishwa. Fuata pia mke. Squire Boone, babake Daniel, alitengwa 1748 baada ya mwanawe kuoa nje naye akakataa kuomba radhi, lakini mkewe Sarah alibaki mwanachama.

Na kama ukoo unaoutafuta ni wa walioshikwa utumwani na hao hao Marafiki, omba hati za kuachia huru za miaka ya 1770. Zina majina, nyingi zina na umri, na ziko pamoja na kumbukumbu za mikutano, watu hawaziulizi.

Hatua ya 8: ng'ambo

Vitabu vya Marafiki wa Uingereza na Wales vilikusanywa na serikali, viko hifadhi ya nyaraka za taifa Kew, London, fungu RG 6. Chukua jina la mkutano lililo kwenye cheti cha kuhama uanzie hapo, na kumbuka Machi ni mwezi wa kwanza hata kule.