Mama wa Ujiji na siku 90 za Schengen

Viza ya mama ya Schengen, yaani viza moja ya kutembelea kundi la nchi za Ulaya, ilipotoka nilimpigia simu Ujiji, Kigoma. Baada ya shikamoo na habari za majirani akaniuliza, "Kwa hiyo nakaa huko mpaka Desemba?" Stika ilikuwa na tarehe ya Desemba kweli, na mimi nusura niitikie ndiyo.

Stika hiyo ina mambo matatu, na wengi wetu tunasoma moja tu. Tarehe mbili zinaonyesha kipindi ambacho viza inaweza kutumika. Idadi ya siku ndiyo inayosema mgeni atakaa muda gani. Halafu kuna idadi ya kuingia: 1, 2 au MULT, yaani mara nyingi. Mzazi mwenye 1 akirudi nyumbani kwa msiba, viza imekwisha hapohapo, hata kama siku 40 hajazigusa. Ukimpeleka London kutembea wiki moja ni hivyohivyo, maana Uingereza haimo Schengen, tena inataka viza yake.

Sasa tuje kwenye siku 90, maana hapa ndipo nimeona watu wakiumia. Vijiweni utaambiwa, "Atoke tu, agonge muhuri, aingie upya." Haiko hivyo. Kanuni ni siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na nchi zote 29 za Schengen zinahesabiwa kama moja. Kumhamisha mama kutoka kwako Uholanzi kwenda kwa dada yako Ujerumani hakumwongezei kitu. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia.

Sisi wa Kigoma, mwisho wa reli, tufikirie treni. Umesimama behewa la nyuma kabisa, unatazama reli ulikotoka, na macho yako yanafika mataruma 180 tu, yale magogo yanayolala chini ya reli; kila taruma ni siku moja. Treni ikisogea taruma moja, la mbali zaidi linapotea. Kila siku ambayo mama yuko Ulaya, hesabu yake inatazama nyuma siku 180, hiyo ya leo ikiwemo.

Tuseme ana MULT na ruhusa ya siku 90. Ameingia Machi 1, ametoka Aprili 29: siku 60. Anarudi Juni 1. Zimebaki 30, kwa hiyo Juni 30 awe ameondoka. Siku zake za Machi zinaanza kudondoka kwenye hesabu Agosti 28, moja kila siku. Akija Julai au katikati ya Agosti hana hata siku moja, ingawa viza yake bado hai. Tume ya Ulaya ina kikokotoo cha bure kwenye tovuti yake. Mimi hupiga hesabu kwa kalamu kwanza, kisha naihakiki huko kabla ya kulipia tiketi.

Zamani afisa alihesabu mihuri, na mwingine alipitiwa. Tangu Oktoba 12, 2025 Ulaya imeanza kusajili alama za vidole na picha ya uso mpakani, na mfumo wenyewe ndio unaohesabu. Usitegemee bahati.

Mama akiugua au ndege ikiahirishwa, kuongezewa muda kunawezekana, lakini ombi lipelekwe uhamiaji kabla siku hazijaisha, na karatasi za hospitali au za shirika la ndege ziwe mkononi. "Wajukuu wanamlilia" si sababu. Niliijaribu kwa mdomo, afisa akatabasamu tu.

Kwa anayeanza sasa: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi, na pasipoti iendelee kuwa hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Schengen. Mzazi wa Kigoma afunge safari ya Dar es Salaam kutoa alama za vidole, basi mpangie miadi akiwa na siku mbili tatu za akiba. Treni yetu mnaijua.

Tiketi ya kurudi mimi huikata siku tano kabla ya siku ya 90. Mama analalamika kwamba namfukuza.