SOMO: Kukalibreti posishena ya vali (msiguse ziro kabla ya mkono)

Wakuu, swali la "vali haifuati siginali" limerudi tena, kwa hiyo jibu zima naliweka hapa. Nazungumzia posishena (kifaa kinachopokea siginali na kuiweka vali mahali siginali inapotaka) ya kimakanika ya 4–20 mA (miliampia), kwenye vali ya shina la kupanda na kushuka inayofunguka kwa hewa. Mkono ni wenzo unaounganisha shina na posishena; ziro ni marekebisho ya mwanzo wa safari (4 mA), spani ni ya mwisho wake (20 mA).

1. Pata kibali, lupu (mfumo wa kudhibiti vali hiyo) iwekwe manyuo (siyo otomatiki), mtiririko upite baipasi (bomba la pembeni), vali za mbele na nyuma zifungwe.

2. Soma kibati cha akchueta (sehemu inayosukuma shina kwa hewa) ujue presha. Springi ya 3–15 psi kwa kawaida hulishwa 20 psi.

3. Unganisha kalibreta ya mA (kifaa cha kutuma siginali ya majaribio).

4. MKONO. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Lisha akchueta hewa moja kwa moja kwa regyuleta ya mkononi mpaka shina lifike nusu ya safari. Kama safari ni milimita 20, simama kwenye 10. Pini ya mkono ikae kwenye alama ya safari nzima (hapa 20). Sasa funga mkono ukiwa digrii 90 na shina. Ukiufunga umeinama, 4 na 20 utazipata vizuri kabisa, lakini katikati vali itadanganya, na opereta atalaumu kontrola. Nati ikikazwa huuzungusha mkono kidogo, kwa hiyo ushikilie, kaza, kisha pima tena. Vidole visikae karibu na shina hewa ikiwepo! Shina huruka bila kukuonya.

5. Rudisha hewa kwenye posishena. Tuma 4 mA, weka ziro: vali ikae kabisa kitini, ianze kunyanyuka siginali ikipita 4 kidogo tu. Tuma 20, weka spani. Rudi 4. Rudia mpaka zote mbili zitulie.

6. Pima 4, 8, 12, 16, 20, kisha shuka nazo. Andika.

MASWALI

— Mkuu, nikirekebisha spani ziro inahama. Posishena imekufa?

Hatua ya 5, sentensi ya mwisho.

— Vali yangu haifunguki yote, msaada wa haraka.

Hewa ni psi ngapi? Kibati kinasemaje? Bila hayo mawili siwezi kukusaidia.

— Kwa nini mkono unyooke katikati, siyo kwenye ziro?

Swali zuri sana. Shina huenda mstari mnyoofu, mkono huzunguka. Ukianzia katikati, unapanda na kushuka kwa pembe sawa, hivyo kosa la mzunguko ni dogo na linalingana pande zote. Ukianzia kwenye ziro, pembe yote inaangukia upande mmoja na kosa linakua kadiri vali inavyofunguka.

— Kupanda napata 50%, kushuka 54%. Nimerudia mara nyingi.

Achana na skrubu za posishena. Angalia pakingi ya shina (kizibo cha kuzuia uvujaji) kama imekazwa kupita kiasi, na pini kama imelegea kwenye mkono.

— Kwetu hewa ina maji, nozeli inaziba kila mara.

Mwaga maji ya filta kila zamu na mwambieni msimamizi kuhusu draya (kikausha hewa). Tundu dogo la hewa lisafishwe kwa waya mwembamba kuliko tundu lenyewe. Likipanuka, hakuna ziro wala spani itakayokaa tena.